Aliyemcheka Kamanda

Ukishuka Ikwiriri ukauliza nyumba ya Mzee Sufiani Nurdini, utaulizwa kwanza, "Sufiani yupi, wa maswali?" Maana akina Sufiani wapo wengi mjini hapo, lakini anayeweza kumsimamisha dereva wa lori la ufuta ili amuulize kwa nini tairi lake la mbele linalika upande mmoja, kisha akalisikiliza jibu mpaka mwisho, ni huyo mmoja tu. Wanaompenda husema mzee ni mdadisi. Wasiompenda husema ni mmbea mwenye kanzu. Mkewe, Bi Shamsia, husema wote wamesema kweli, na kwamba siku bwana huyo alipokwenda kwao Ruaruke kuposa, alisahau kabisa kilichompeleka, akaimaliza asubuhi anamhoji baba mkwe namna ya kutega kambale maji ya mto yanapopungua.

Basi ajabu ni hii. Mtu huyo aliyekwisha kumuuliza kila mtu kila kitu alikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kumuuliza mwenyewe anayehusika. Alilibeba tangu ujana, akalima nalo, akazaa nalo, akazeeka nalo. Bi Shamsia alikuwa akilijua vizuri, kwa sababu kila mpunga ulipovunwa na wakapata nafasi ya kukaa, mzee alilitoa kama mtu anayetoa ugoro: "Hivi Shamsia, unadhani Kamanda Sadala alijua?" Na Bi Shamsia, huku akipepeta, alijibu vilevile miaka nenda miaka rudi: "Alijua nini, mume wangu? Alikuona kichaa, na kichaa hapigwi."

Kisha juzijuzi, simu ikalia.

"Shikamoo, Baba. Mie Ummy, binti wa Mzee Sadala. Nipo Mtwara. Sijui kama utamkumbuka baba yangu, alikuwa kambini zamani, wakati wa vita vya ukombozi."

Mzee Sufiani alikuwa amesimama. Akakaa.

Ummy alieleza taratibu. Baba yake, Mmsumbiji aliyewahi kuwa mkubwa wa watu huko kwao, siku hizi alikuwa akiishi kwake Mtwara. Alikuwa na uvimbe kooni. Walikuwa wanakwenda Dar es Salaam kwa upasuaji, na daktari alikuwa amewaambia bila kuficha kwamba uvimbe utatolewa pamoja na mahali panapotoa sauti. Atapona, inshallah, ila hatasema tena. "Na hata sasa sauti imebaki kidogo sana, Baba. Lakini amesema lazima tupite Ikwiriri. Amesema kuna mtu pale."

Mzee aliweka simu chini. Alimwita mkewe akamwambia, kisha akasema jambo ambalo Bi Shamsia hakulitegemea: "Naogopa. Nikimuuliza nikakosa jibu, ndiyo basi tena. Na nikilipata, je, kama ni baya?"

Ili ujue aliogopa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya sitini Sufiani alikuwa kijana mwembamba, karani wa ghala la chama cha ushirika hapo hapo Ikwiriri. Alijulikana kwa ugumu. Mjomba wake mwenyewe alipokwenda kuomba afunguliwe ghala achukue mbegu kabla ya wenzake, Sufiani alimkaribisha chai, akamuuliza habari za shamba, za mbuzi na za wajukuu mpaka adhana ikalia, na mjomba akaondoka na tumbo la chai bila mbegu. Ukoo ulimnunia. Lakini sifa hiyo ilisafiri, na siku moja wakubwa wakamwita wakamwambia kuna kazi Kusini, karibu na mto Ruvuma, katika kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mto, kule Wareno walikokwisha kufukuzwa, vijiji vilikuwa vimebaki bila serikali. Mwenye bunduki ndiye aliyekuwa hakimu, ndiye mgawa chumvi, ndiye aliyeamua nani apewe kitambaa na nani avae magome ya miti. Wanakijiji, ambao ndio waliolilisha jeshi kwa mihogo yao, walianza kuulizana kama walimfukuza bwana mmoja ili wapate kumi. Viongozi wa mapinduzi wakaona hatari hiyo, wakakata shauri: jeshi lipigane, lakini chakula, nguo, shule, dawa na kesi za watu vishikwe na raia, hata ndani ya kambi. Kukata shauri ni rahisi. Nani sasa atamwendea kamanda mwenye bastola kiunoni amwambie ghala si lake? Wakatafuta mgeni, mtu asiye na ndugu wala kabila pale, aje aanzishe kisha aondoke.

Raia wa kambini walikuwa na kiongozi wao, Mwanahalima, mjane aliyevuka mto na watoto mgongoni. Yeye ndiye aliyesimamia wanawake waliobeba mizigo kichwani, chumvi na risasi kwenda, mihogo na majeruhi kurudi. Alimpokea Sufiani bila tabasamu.

"Wewe ukishindwa utarudi kwenu ule wali," alimwambia. "Sisi tukishindwa, watu wa vijijini watarudi kwa Mreno, na vijana wetu watakufa njaa porini. Kamanda anagawa nguo anavyotaka. Hapendi kuambiwa. Haambiwi na mtu."

Sufiani alikwenda kumtazama huyo asiyeambiwa. Alimwona kwa mbali, mrefu, mkavu, amesimama na walinzi wake. Alipopita, maneno yalikatika vinywani mwa watu. Ila Sufiani hakushtushwa na hilo, kwa sababu masikio yake yalinasa kitu kingine: Kamanda alikuwa anazungumza na walinzi Kiyao, tena Kiyao cha haraka haraka. Moyo wa Sufiani ukafurahi. Alhamdulillahi, alisema, huyu si kamanda, huyu ni mtani!

Sufiani ni Mndengereko. Babu yake alikuwa amemfundisha kwamba Myao ni mtani wao tangu zama za misafara, na mtani ana haki zake. Mtani atakupokonya kofia, atakula chakula chako, atakutukana mbele ya wakwe, atakuja kwenye msiba wako aseme marehemu alikuwa mvivu na mlafi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyevunja heshima. Kwa kijana aliyelelewa hivyo, tatizo la wakubwa wote wa mapinduzi lilikuwa limekwisha. Kama jeshi halitaki kuambiwa na raia, litaambiwa na mtani.

Akaingia ofisini kwa Kamanda asipige hodi. Barua ya uongozi, iliyosema kwamba kuanzia sasa mambo ya raia yatashikwa na raia, ilikuwa mezani, imekwisha kusomwa. Sufiani aliichukua kofia ya Kamanda iliyokuwa kando ya barua, akaivaa.

"Kumbe ndiyo wewe maiti wangu!" alisema kwa furaha. "Nimetoka Rufiji kote huko kuja kukuzika, nakuta bado unapumua. Haya, sogea, kiti hicho changu."

Alingoja arushiwe tusi kubwa zaidi, kama ilivyo desturi. Halikuja. Kamanda alimtazama. Akaitazama barua. Akamtazama tena, muda mrefu, kisha akainuka, akasogea. Sufiani akakaa kwenye kiti hicho akiwaza kwamba Wayao wa siku hizi wamepungukiwa maneno.

Kuanzia hapo kazi ikaenda. Ghala la kambi lilikuwa chumba cha udongo chenye mlango mmoja na giza tele, na ndani ya giza hilo vitambaa vilikuwa na miguu. Sufiani alilibomoa. Akajenga dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ndefu ambacho wakulima wa bonde la Rufiji hujenga shambani ili walinde mpunga wao na nyani na nguruwe. Lakini hili alilijenga kubwa, katikati ya kambi, paa la nyasi juu na pembeni hakuna ukuta. Gunia la chumvi likikaa pale, kambi nzima inaliona. Mtu akipanda ngazi, kambi nzima inamwona, na anaposhuka inaona ameshika nini. Aliyeamua kipi kishuke ni kamati ya Mwanahalima. Maofisa walilalamika kwamba ghala lisilo na ukuta si la kijeshi. Sufiani aliwajibu kwamba ndivyo barua ilivyosema, lisiwe la kijeshi.

Asubuhi moja Kamanda Sadala mwenyewe alipanda ngazi ile. Hakumwambia mtu. Alichagua doti ya kitambaa kizuri, chekundu, akaikunja kwapani. Watu wote waliona, na wote wakageuka kutazama pengine, mmoja akafunga kiatu, mwingine akawa anatafuta kitu ardhini. Mwanahalima alisimama ameshika kiuno, midomo imekauka. Kama Kamanda atashuka na kile kitambaa, basi kamati yake imekufa asubuhi hiyo, na habari zitavuka mto kabla ya jua kutua.

Sufiani alikuwa anapiga mswaki. Akatema, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele kama watoto wa Rufiji wanavyopiga shambani: "Hoooi! Nyani! Nyani kaingia kwenye mpunga! Jamani njooni na mawe! Tazameni lilivyo, refu halina hata nyama!"

Hapakuwa na aliyecheka. Askari walisimama kama waliomwagiwa maji. Mkono wa Kamanda ulikwenda kiunoni, ukakaa pale. Sufiani, maskini ya Mungu, aliendelea kucheka peke yake, akimwonyesha kidole, akisubiri mtani wake amjibu. Kamanda akaushusha mkono. Akakirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha vizuri, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu bila neno.

Baada ya siku hiyo hakuna ofisa aliyepanda dungu. Kama Kamanda ameitwa nyani akanyamaza, luteni ni nani? Chumvi ilivuka mto. Nguo zilivuka. Kamati ikaanza kusikiliza kesi, ikafungua darasa, ikampangia hata daktari zamu. Watu walikuja kutoka kambi nyingine kutazama jinsi raia walivyolishika jeshi, nao waliondoka wanatikisa vichwa.

Sufiani alikuwa amefura kwa sifa siku Mwanahalima alipomuuliza, "Hivi wewe kijana, huo ujasiri umeutoa wapi?"

"Ujasiri gani, dada? Myao ni mtani wangu."

"Myao nani?"

"Kamanda."

Mwanahalima alimtazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyesimama juu ya paa. "Kamanda si Myao. Ni Mmwani, wa pwani kule kwetu. Kiyao amejifunza kwa mjomba wake aliyekuwa akifanya biashara bara. Wamwani na nyinyi mna utani tangu lini?"

Hawakuwa na utani. Hawajawahi kuwa nao. Maneno yote aliyoyasema yakamrudia moja moja: maiti, sogea, nyani, halina hata nyama. Alikuwa amemtukana mtu baki mwenye bastola mbele ya askari wake, si mara moja. Alikwenda nyuma ya jiko akatapika.

Hapo ndipo alipopatikana. Kuacha asingeweza, kwa sababu akinyamaza ghafla watu watasema Kamanda amemziba mdomo, na kamati itakufa. Kuendelea, je? Akaendelea. Siku za nyuma utani ulimtoka kama maji mtoni; sasa kila neno alilitoa kwa jasho. Aliendelea kumnyang'anya Kamanda kofia. Aliendelea kumuuliza mbele ya maofisa lini atakufa watu wale ubwabwa. Na kila mara Kamanda alimtazama kwa macho yale yale, kisha akafanya kama barua ilivyosema.

Muda wake ulipokwisha, Kamanda alimpa mkono, akasema, "Safari njema," basi. Sufiani akarudi Ikwiriri na lile swali. Je, Kamanda alivumilia kwa sababu alidhani kutukanwa na raia ndiyo sheria mpya iliyoletwa na barua? Kama ni hivyo, basi serikali nzima ya raia katika kambi ile ilisimama juu ya makosa ya kijana mmoja asiyejua kabila la mtu. Au alijua? Na kama alijua, kwa nini hakumpiga risasi?

Basi baada ya ile simu, Sadala na binti yake walifika Ikwiriri adhuhuri moja, kwa gari dogo la kukodi. Ummy alitangulia kushuka, mwanamke wa makamo, mtandio umekaa sawa, akazunguka upande wa pili akafungua mlango na kusimama kando, macho chini. Mzee aliyetoka alikuwa mrefu bado. Shingo ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe. Alimtazama Mzee Sufiani kwa macho yale yale ya zamani, na Mzee Sufiani, aliyekuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, akasema tu, "Karibu, kaka."

Wakakaa barazani kwenye mkeka. Jikoni Ummy alimnong'oneza Bi Shamsia: "Hajala tangu jana asubuhi, Mama. Uji tu ndio anaoweza kumeza, nao anausukuma. Daktari kasema akifika dhaifu hawatampasua."

"Si umlazimishe?"

"Baba?" Ummy alimtazama kama amesikia kitu cha kuchekesha, lakini hakucheka. "Kwetu baba halazimishwi. Hata kujibiwa hajibiwi."

Bi Shamsia aligeukia moto. Aliinjika uji wa mchele, akakuna nazi.

Barazani Mzee Sufiani alikuwa anazunguka. Aliuliza habari za barabara, za mvua za Mtwara, bei ya korosho. Mwenyewe anajua kuuliza ili asiulize. Mwisho Sadala aliinua kidole, kama kumwambia inatosha, na Sufiani akaacha kuzunguka.

"Kaka, nina swali," alisema. "Kule kambini mie nilikutania. Nilikutania vibaya, nikidhani wewe Myao. Baadaye nikajua si Myao, na nikaendelea. Ulijua kwamba nimekosea? Au ulidhani ndiyo amri?"

Sadala akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi yenye mchanga ndani yake, na Sufiani, masikio nayo yamezeeka, hakupata hata neno. Akasogea, akategea. Bado. Basi Sadala akamwita binti yake kwa mkono. Ummy alikuja akapiga magoti karibu na kinywa cha baba yake, kwa sababu ni yeye tu aliyezoea kumsikia, akawa anapokea pumzi zile na kuzitamka kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyoambiwa.

"Anasema, nilijua siku ile ile. Ulipotoka na kofia yangu nilimuuliza mlinzi wangu, huyu kichaa ana nini? Mlinzi alikuwa Myao, akacheka, akanieleza. Anasema, nikataka kukufukuza kesho yake."

"Mbona hukunifukuza?" Mzee Sufiani alisogea zaidi. "Na ile asubuhi ya kitambaa? Niliona mkono ulikokwenda."

Ummy akasikiliza. "Anasema, ile asubuhi nilikuwa nakuua. Nilisita kidogo tu. Nikarudi kwangu nikakaa, nimejaa hasira. Akaingia askari mmoja, mdogo wa cheo. Akaniambia, Kamanda, ile njia ya mtoni tunayopita kesho, nimeona nyayo za Wareno. Nikamuuliza, umeziona lini? Akasema, tangu juzi. Nikamwambia, na unaniambia leo? Akasema..." Ummy akatega sikio tena. "Akasema, leo nimeona mtu anakwambia kitu na hukumfanya lolote."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya baraza. Mzee Sufiani alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili.

"Anasema, tungepita njia ile, tungekwisha wote. Basi nikakuacha unicheke. Kila uliponicheka, kesho yake mtu alikuja kuniambia kitu nisichokijua."

Jibu lilikuwa limepatikana, tena zuri kuliko alivyothubutu kulitamani. Mzee Sufiani alijisikia mwepesi, akataka hata kumwita mkewe amwambie hakuwa kichaa. Lakini Sadala alikuwa hajamaliza. Alimshika binti yake mkono, akaendelea kupumua yale maneno, na Ummy akaendelea kuyatamka.

"Anasema, wewe ukaondoka. Vita vikaisha. Nikapewa nyumba kubwa, gari, na watu wengi wa kuwaongoza. Hakuna aliyenicheka tena. Nilikosea, hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nikiingia mahali wanakaa kimya, na mimi nikaona ndiyo heshima. Anasema, nikamwoza binti yangu mkubwa, Waride, kwa mtu niliyempenda mimi. Mtu yule alikuwa anapiga wanawake. Mji mzima ulijua. Nyumba nzima ilijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakanirudishia Waride amefungwa sanda. Anasema..."

Ummy akanyamaza. Baba yake alikuwa amesema, alikuwa amemaliza, na sasa alikuwa anamtazama. Mzee Sufiani hakusikia neno, lakini aliona kwamba safari hii maneno hayakuwa yake kuyasikia.

"Sema, mwanangu," alisema taratibu. "Kasema nini?"

"Anasema..." Sauti ya Ummy ilikuwa imepotea karibu sawa na ya baba yake. "Ananiuliza mie. Anasema, hata wewe unayenisemea, ulijua?"

Hapo ndipo Mzee Sufiani alipoelewa kwamba hakuwa peke yake aliyekuja na swali barazani pale. Mtu huyu hakupitia Ikwiriri ili kumjibu. Alikuwa amelibeba la kwake, na alikuwa amebakiwa na pumzi chache za kuliulizia, na nyumbani kwake hakuna aliyezoea kumjibu.

Ummy alitazama mkeka. Kisha akainua uso akamtazama baba yake machoni.

"Nilijua, Baba," alisema. "Dada alinionyesha mgongo wake. Nilikuja mpaka mlangoni kwako kukwambia. Nikasikia unakohoa ndani, nikarudi. Niliogopa."

Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Sadala aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi, kama mtu anayepokea mzigo na kuukalisha vizuri begani. Hakukasirika. Roho ilimuuma Mzee Sufiani kwa Waride, binti ambaye hakumwona kamwe.

Bi Shamsia akatoka na bakuli la uji. Aliwaona, akasita, lakini uji ulikuwa wa moto na mgonjwa alikuwa na njaa, hivyo akauweka mbele ya mgeni. Sadala, kwa mazoea ya maisha yake, akausukuma kwa kiganja bila hata kuutazama.

Ummy aliuona mkono ule. Akavuta kamasi, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akalichukua bakuli.

"Baba, utakunywa," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. "Nimechoka mie. Tangu Mtwara nabeba chupa ya uji kama nimezaa. Wajukuu zako wanameza hata dawa ya minyoo, wewe mwanamume mzima unaukimbia uji? Fungua mdomo. Na usinitolee macho, hayo macho tumeyazoea."

Dereva aliyekuwa anakunywa maji kando ya gari aligeuka. Bi Shamsia alishika mdomo. Mzee Sufiani hakuthubutu kujongea.

Sadala alimtazama binti yake. Mabega yakaanza kutikisika. Kwanza Mzee Sufiani alidhani ni kikohozi, akataka kuinuka amshike, kisha akaona uso. Kamanda alikuwa anacheka. Hakukuwa na sauti ndani yake, pumzi tupu tu ikitoka na kuingia, macho yamefumba, machozi yanapita kwenye mikunjo ya mashavu. Ummy alimngoja akapoa, akamnywesha kijiko cha kwanza, akamnywesha cha pili, naye akavimeza vyote kwa tabu na uso umekunjamana.

Waliondoka alasiri. Mzee Sufiani alisimama barabarani mpaka gari likaliacha soko na kushika njia ya Kibiti, na lilipokuwa likimpita, kupitia dirisha lililo wazi, alikuwa amemsikia Ummy akimkaripia baba yake afunge mkanda.